Usiizoee Pua Iliyoziba

Muuza sambaza wa Kituku, hapa Goma, hutanguliza pua kabla ya macho. Mitumbwi ikifika ufukweni alfajiri, huinamia beseni, huchota kiganja kimoja, hunusa, na papo hapo hujua kama samaki hao watafika soko la Virunga wakiwa wazima au watamharibia mtaji. Pua ile ndiyo mizani yake.

Sasa mfikirie mama huyo pua ikiwa imeziba mwaka wa tatu. Anapumua kwa mdomo. Usiku anakoroma hadi watoto wanahama chumba. Uzito umemkaa kati ya macho, chakula hakina ladha, na samaki mzima na aliyeoza kwake ni sawasawa. Ukimuuliza, atakuambia ni mafua tu, ni vumbi la mawe ya volkano, ni moshi wa makaa ya kupikia. Mama, ni wewe ninayekuandikia, pamoja na kaka yako anayepakua magunia pale bandarini na ana shida hiyo hiyo. Mafua ya kawaida hayapiti wiki mbili. Pua iliyoziba zaidi ya miezi mitatu inahitaji daktari.

Huenda ndani mna vinyama vya puani, ambavyo madaktari huviita polipu. Ni uvimbe laini, wa kijivu, unaong'aa kama zabibu iliyomenywa. Huota kwenye utando wa pua na wa mashimo ya mifupa ya uso yanayoizunguka, utando huo ukivimba kwa muda mrefu. Haviumi, na hapo ndipo hatari yake ilipo: visipouma, mtu huvivumilia. Mara nyingi huja pande zote mbili, kwa watu wazima, na wengi wao wana pumu pia. Wengine vidonge vya aspirini huwabana kifua. Kama wewe ni mmoja wao, hilo liwe neno la kwanza kumwambia daktari.

Najua kinachokuzuia. Mji huu umeona makubwa. Volkano ya Nyiragongo ilitumwagia moto mwaka 2002 na tena 2021. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilizama hapa hapa mbele ya Kituku, watu wakitazama. Januari 2025 vita viliingia mjini, na hospitali kama CBCA Ndosho zikajaa majeruhi wa risasi hadi kwenye korido. Katika mji wa namna hii mtu anaona haya kupanga foleni kwa ajili ya pua. Anajiambia wenye shida za kweli ni wengine. Nakataa! Mtu asiyelala usiku kwa kukosa hewa ana shida ya kweli. Mchuuzi asiyeweza kunusa bidhaa yake anapoteza pesa kila asubuhi. Asiyesikia harufu ya moshi ndani ya nyumba ya mbao yuko hatarini, na watoto wake pia. Chukua nafasi yako kwenye foleni.

Wengi wanaogopa kisu, lakini mara nyingi tiba haianzi na kisu. Daktari wa masikio, pua na koo, yule tunayemwita dokta wa ORL, huanza na dawa ya steroidi ya kupuliza puani kila siku kwa wiki kadhaa, pamoja na kusafisha pua kwa maji ya chumvi. Wapo wanaopata nafuu kwa hizo tu. Vinyama vikikataa kunywea, ndipo upasuaji unazungumzwa.

Na upasuaji wenyewe umebadilika mno. Zamani za Hippocrates, tabibu wa Ugiriki, sponji ilifungwa uzi na kuvutwa kupitia puani ili ing'oe kinyama. Leo njia ni ile iliyokuzwa na Walter Messerklinger kule Graz, Austria, ikaenea duniani tangu miaka ya 1980. Kwanza unapigwa picha ya skana, ili daktari aone mipaka ya jicho na ubongo ilipo. Kisha unalazwa usingizi. Mrija mwembamba wenye taa, wa unene wa milimita 4 hivi, unaingizwa kwenye tundu la pua, na daktari anafuata njia kwenye skrini. Kisu kidogo kinachozunguka ndani ya mrija mwingine hukata kinyama na kukifyonza hapo hapo. Kwa kawaida uso haupasuliwi wala haubaki na kovu. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake.

Hatari zipo, nazo ni damu nyingi, kuumia jicho, au kuvuja kwa maji yanayozunguka ubongo. Hutokea kwa nadra, na ndiyo sababu kazi hii ni ya mtaalamu mwenye vifaa, si ya mtu wa mtaani mwenye waya na dawa ya kuchoma. Usimruhusu mtu wa namna hiyo akuguse pua.

Baada ya upasuaji kazi inakuwa yako. Kwa wiki mbili hivi, usipenge kwa nguvu, usiiname, usibebe mzigo. Hapa nasema nawe uliyezoea kubeba gunia mgongoni kwa kamba inayopita kichwani: kamba hiyo ipumzike hadi daktari aseme. Waambie wenzako wa likelemba, ule mchango wenu wa zamu, mapema, zamu yako iangukie wiki hizo, ili njaa isikurudishe kwenye mzigo kabla ya wakati.

Halafu kuna maji. Watu wengi wa Kituku huteka ziwani, na tunajua kipindupindu kilichotutesa kwa ajili ya maji hayo. Maji ya ziwa yasiingie puani mwako yakiwa mabichi, hata siku moja. Yachemshe hadi yatokote, yaache yapoe, changanya nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye kikombe cha mililita 250, kisha safisha kila tundu taratibu. Vinyama hupenda kurudi. Kuosha huku, pamoja na dawa ya kupuliza, ndiko kunakovichelewesha, hata miaka. Na vikirudi, usiseme upasuaji ulikuwa bure. Miaka ya kulala vizuri na kunusa samaki wako ni yako, na tiba inaweza kurudiwa.

Wasiopaswa kungoja hata kidogo ni hawa: aliyeziba upande mmoja tu, anayetokwa na damu mara kwa mara upande huo huo, anayeona vitu viwili viwili au jicho limetokeza, na mtoto yeyote mwenye kinyama puani. Hao waende wiki hii.

Wewe mwingine, chagua siku. Uza beseni la kwanza, mwachie dada yako la pili, nenda kituo cha afya. Sema: pua yangu imeziba tangu mwezi fulani, harufu sisikii, usiku napumua kwa mdomo. Wakikupa vidonge vya mafua kama mwaka jana, vipokee kwa adabu, kisha omba karatasi ya kukupeleka kwa dokta wa ORL. Na ukifika kwake, usitoke chumbani kabla hajawasha taa na kuchungulia matundu yote mawili.