Binti Aliyerudi na Mdogo Wake

Wahubiri wengi wakitaka kusema juu ya binti aliyetoroka kwao, hufungua Luka 15. Sura hiyo ni tamu, lakini binti huyu haimhusu. Mwana mpotevu aliondoka kwa ukaidi wake, na baba yake hakuwa amemkosea neno. Binti wa Tarime au Serengeti anayekimbia usiku mwezi wa Desemba hajatapanya mali ya mtu. Amekimbia wembe wa ngariba, na mara nyingi waliomwita ngariba ni wazazi wake mwenyewe. Tukimwambia arudi akaombe msamaha, tumemgeuza mkosaji.

Filamu ya Giselle Portenier, mwanahabari wa Kanada, iitwayo In the Name of Your Daughter (2018), huelezwa kuwa ni habari ya wasichana wanaokimbia ukeketaji. Ndivyo ilivyo. Lakini uzito wake mimi nauona kwenye kurudi. Nyumba Salama ya Mugumu ilifunguliwa mwaka 2014 chini ya Kanisa Anglikana, Dayosisi ya Mara, na Rhobi Samwelly ndiye aliyeiongoza. Msimu wa kukeketa ukiisha, wazazi huitwa. Wanaketi pamoja na polisi na walezi, wanaulizwa kama watampokea mtoto wao bila kumkata. Wanaokubali hutia saini. Wapo wanaokataa, na binti hubaki Mugumu.

Je, saini hiyo ni toba?

Kwa serikali inatosha. Tangu mwaka 1998 sheria inamhukumu mtu anayemkeketa binti chini ya miaka 18, au anayesababisha akeketwe akiwa chini ya ulinzi wake, kifungo cha miaka mitano hadi 15. Lakini hofu ya jela huweza kumfundisha mtu kuficha tu. Tumeyaona: wengine huvuka mpaka, wengine hufanya kimyakimya bila ngoma. Na kuficha si jambo geni katika mila hii. Rhobi mwenyewe, aliyekeketwa akiwa na miaka 13 na kuvuja damu karibu kufa, amesimulia mara nyingi habari ya rafiki yake aliyefariki kwa kukeketwa, na mwili wake ukatupwa porini, kwa kuwa mila ilikataza kumzika na kumlilia. Fikiri, msomaji, katika nchi ambapo hata jirani asiyeelewana nawe huja msibani, mtoto akafa bila matanga. Kila mtu alijua, na hakuna aliyetamka. Siri za nyumbani kwetu nyingi ni za namna hiyo.

Kwa hiyo mimi ningefunga Luka na kufungua Mwanzo. Wana wa Yakobo walichovya kanzu ya ndugu yao katika damu ya mbuzi, wakampelekea baba, wakaketi pamoja naye kumfariji. Zaidi ya miaka 20 walikula naye chungu kimoja wakijua. Walipofika Misri na kumwinamia Yusufu, yeye hakujitambulisha mara moja. Watu humwona mkali hapo. Mimi namwona mwenye busara. Aliwasikia wakikiri hatia yao, akajitenga akalia, lakini bado akangoja. Alitaka kuona watamtendea nini Benyamini. Yuda aliposema yeye abaki mtumwa na kijana arudi kwa baba yake, ndipo Yusufu akashindwa kujizuia.

Toba ya ndugu wale ilijulikana kwa mdogo.

Hapo ndipo penye swali tunalolikwepa kwenye meza ya upatanisho. Baba ametia saini kwa ajili ya binti aliyekimbia, aliyeandikwa polisi, anayejulikana kanisani. Je, yule wa miaka minane aliyebaki nyumbani, ambaye hakuna anayemjua jina? Baba aliyetubu kweli hahitaji kuulizwa habari zake. Atazitaja mwenyewe, mbele ya mkewe na wazee wa ukoo.

Simdharau baba huyo. Binti asiyekeketwa huitwa omosagane, na jina hilo humfuata mpaka kisimani. Mahari yake hupungua, na wazee wa mila hawamsahau mtu aliyewakaidi. Kumwambia baba avumilie hayo yote peke yake, nasi Jumapili tukimpa mkono tu mlangoni, ni mzaha. Kama kanisa liliweza kujenga nyumba ya kuwahifadhi mabinti, liweze pia kukaa upande wa baba anaposimama mbele ya ukoo wake kusema, ‘Kwangu basi.’

Na binti je, akisema amesamehe lakini harudi? Wapo watakaomnukulia amri ya kuwaheshimu baba na mama. Wamsome Yakobo tena. Esau alimkimbilia, akamkumbatia, wakalia wote wawili, hakuna aliyeigiza. Kisha Esau akataka wasafiri pamoja. Yakobo akamjibu kwa adabu kwamba watoto ni wadogo, atafuata polepole mpaka Seiri. Hakwenda Seiri. Alikwenda Sukothi, akajenga nyumba huko, na walikutana tena kumzika baba yao.