Pasaka Mezani

Utafiti wa kituo cha Pew nchini Marekani wa mwaka 2020 ulionyesha kuwa Wayahudi 62 kati ya 100 walishiriki Sederi, mlo wa usiku wa Pasaka, ilhali wanaokwenda sinagogi walau mara moja kwa mwezi ni 20 hivi. Kwa wengi wao, basi, darasa la Uyahudi ni nyumbani, na mwalimu ni mzazi. Mtoto huuliza, wakubwa humsimulia safari ya kutoka utumwani Misri, mkate usiotiwa chachu na mboga chungu vikiwa mbele yake.

Wapo wanaosema mlo mmoja kwa mwaka haumjengi mtu, hasa mzazi naye akiwa hajui mengi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Hagada, kitabu cha usiku huo, humwongoza mzazi hatua kwa hatua, na hata mtoto asiyejua kuuliza ametengewa nafasi. Tena Hagada hupokea maswali ya zama: mwaka 1969 jijini Washington, mwaka mmoja baada ya Martin Luther King kuuawa, mwanaharakati Myahudi Arthur Waskow aliandaa Sederi ya Uhuru iliyounganisha utumwa wa Misri na madai ya haki ya Wamarekani weusi. Tangu hapo familia nyingi zimeongeza kurasa zao katika Hagada, nao watoto wakazijadili.