Mluzi Hauzikwi kwa Sauti

Mjukuu wangu, vuta kigoda ukae, na hiyo simu iweke chini, maana maneno yenyewe yanaihusu. Tulizungumza juu ya mluzi wa gari lako wakati wa kuvuna mahindi, ukaniitikia "ndiyo, kuka", ukaenda zako. Jana jioni umepita hapa Shieywe na matatu yako, mluzi ule ule ndani ya spika, ila muziki sasa umeupandisha ili uufunike. Sikukasirika. Kwa umri wangu hasira inachosha kuliko jembe. Nitarudia tu, na wewe usikilize kama mtu ambaye gari hilo ndilo shamba lake.

Muziki sikukatazi. Kutoka Kakamega hadi Kisumu ni kilomita 50 hivi, na abiria aliyebanwa kati ya gunia la mtu na dirisha lisilofunguka anastahili kitu cha kumsahaulisha. Mimi mwenyewe nimekuwako tangu gari lenye redio lilipokuwa ajabu, kisha zikaja kaseti, kisha ile kaseti ya uongo iliyokuwa na waya mkiani, unaitia redioni na muziki unatoka kwenye mashine ya mfukoni. Sony walitoa Walkman mwaka 1979, Apple wakatoa iPod mwaka 2001, na leo kazi hiyo inafanywa na simu yako ya zamani isiyo na laini, yenye kioo kilichopasuka, unayoiita "ya muziki". Mashine zimebadilika. Gari lenyewe bado lina betri, alterneta na bodi ya chuma, na shida ziko palepale.

Sasa huo mluzi. Hebu utazame unavyokwenda: ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Kitu kinachofuata mzunguko wa injini kiasi hicho hakitoki kwenye wimbo. Alterneta hutoa umeme unaokwenda na kurudi, ukanyooshwa humo humo ndani kabla ya kufika kwenye betri, lakini haunyooki kabisa. Hubaki na mawimbi madogo. Taa haziyajali. Redio inayajali. Na wewe umeyafungulia mlango: simu umeichomeka chaja kwenye tundu la kuwashia sigara, na papo hapo umeitia waya wa AUX redioni. Kwa hiyo ina njia mbili za kurudi kwenye bodi ya gari, moja kupitia chaja, nyingine kupitia redio. Ncha hizo mbili hazilingani sawasawa, basi umeme kidogo unazunguka baina yake, unapita katika waya wa muziki, na amplifaya, ambayo haina akili ya kuchagua, inaukuza pamoja na gitaa.

Kuujua ni rahisi. Injini ikiwa inanguruma, chomoa chaja, AUX uiache. Mluzi ukifa hapo hapo, umempata mwizi. Ukiendelea, basi chunguza waya hasi wa redio na wa amplifaya, kama umekazwa juu ya rangi au juu ya kutu badala ya chuma kitupu. Halafu tazama kama waya za sauti zimelazwa sambamba na ule waya mnene unaotoka kwenye betri. Fundi aliyekufungia amplifaya alizipitisha zote chini ya zulia upande mmoja kwa sababu aliona njia ni fupi. Zitenganishe: za umeme zipite upande huu, za sauti upande ule.

Dawa zipo, na ya kwanza haina bei. Chaji simu nyumbani usiku, asubuhi icheze kwa betri yake yenyewe. Ya pili, kama redio yako inapokea Bluetooth, muziki upite hewani, chaja ibaki peke yake. Ya tatu ni kile kijisanduku kidogo kinachokaa katikati ya waya wa AUX. Ndani yake mna transfoma ndogo inayopitisha sauti lakini inaukata ule mzunguko. Kuongeza sauti hakumo katika dawa hizo. Ukiongeza sauti unaukuza ugonjwa pamoja na mgonjwa.

Na usinunue kile kirusha mawimbi cha FM ulichokuwa ukikitamani kwa yule jamaa wa stejini. Kinafanya kazi, sikatai, kwa gari lenye redio ya zamani isiyo na tundu lolote. Lakini kinataka mahali patupu kati ya 87.5 na 108, na pale utakapopaona patupu hapa Kakamega, ukishapita Chavakali na Mbale ukaanza kuteremka kuelekea Kiboswa, stesheni za Kisumu zitakuwa zimekukalia. Ndipo utaanza kubonyeza-bonyeza kwenye mteremko huo, macho yako kwenye dashibodi. Huo mteremko unaujua.

Tukija kwenye umeme wenyewe. USB ya simu inataka volti 5. Gari lako ni volti 12 kwa jina. Injini ikizimwa betri nzima husoma 12.6 hivi, ikiwaka alterneta huipandisha hadi 14 na kitu. Hicho kichaja kidogo ndicho kinachosimama katikati kuteremsha, na ndiyo maana cha bei ya karanga kinapata moto hadi plastiki inanuka. Rafiki yako wa lori mwambie asome maandishi ya chaja kabla hajaichomeka, kwa kuwa malori na mabasi mengi ni volti 24, betri mbili zimeungwa. Chaja iliyoandikwa 12 peke yake itakufa humo, na inaweza kufa na simu. Na wewe, ukitaka kupiga stata, ichomoe kwanza. Stata inapovuta, volti huporomoka hadi 9 au 10 kisha zinaruka juu. Simu haina haja ya kushuhudia hayo.

Fyuzi. Hapa naomba unitazame usoni. Tundu la sigara lina fyuzi yake, mara nyingi ya ampea 10 au 15, na nambari imeandikwa kwenye kifuniko cha kisanduku. Ikikatika, imekwambia jambo. Nimeona ndani ya gari lako karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara imeviringishwa pahali pa fyuzi. Karatasi ile haikatiki, mwanangu. Kitakachokatika ni waya nyuma ya dashibodi, tena kwa moto, na watu 14 nyuma yako mlango wao ni mmoja. Waya wa amplifaya nao uwe na fyuzi yake karibu kabisa na betri, si kule chini ya kiti, kwa maana kipande kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi.

Halafu mnasimama stejini injini imezimwa, mnangoja gari lijae, na muziki unaendelea. Piga hesabu. Betri ya ampea-saa 50, amplifaya ikivuta ampea 10, kwa karatasi ni saa tano. Lakini betri ya gari haikuundwa kukaushwa, ikishuka chini ya nusu stata inaanza kuguna. Kwa hiyo una saa mbili na ushei. Baada ya hapo ni akina mama waliovaa nguo za harusi kusukuma gari, na wewe ndani umeshika usukani unawaambia "mara moja tu". Punguza, au zima, gari likiwa limelala.

Sauti nayo ina namna ya kupangwa. Simu iweke kwenye robo tatu, kisha urekebishe kwa kitufe cha redio. Simu ikiwa chini sana utalazimika kuivuta redio juu, nayo itakuletea mvumo wake wote. Simu ikiwa juu kabisa, wimbo unaanza kupasuka kabla haujafika kwenye spika. Besi usiikuze mpaka bati linatetema. Mimi napima hivi: cheza Abana ba Nasery, wale kina Shem Tube wa Bunyore, usikilize chupa ya Fanta. Mmoja wao kazi yake ilikuwa hiyo chupa. Usipoisikia ikilia wazi nyuma ya magitaa, mtambo wako una kelele, hauna muziki.

Kuhusu masikio yako sitasema sana, vijana hawaamini kiziwi mpaka wawe yeye. Wanaopima mambo hayo wanasema desibeli 85 mtu avumilie kwa saa nane. Kila ikiongezeka 3, muda unakatwa nusu, hivi kwamba ikifika 100 ni robo saa. Wewe uko barabarani tangu alfajiri. Makanga wako hupiga bati mara mbili, tatu, abiria amepitishwa nyumba yake na anapiga kelele, wewe hujui. Kama hulisikii bati, breki zikianza kukwaruza chuma kwa chuma utazisikia na nini? Na kanuni za kelele za mwaka 2009 zipo, NEMA, wale wa mazingira, wana mamlaka nazo, ingawa ninyi mnazikumbuka mkishasimamishwa.

Nyimbo zichague gari likiwa limesimama, simu ifungwe kwenye kishikio, waya usipite karibu na gia. Makanga ana mikono miwili, abadilishe yeye.

Sasa nenda ukale, nyanya yako amekuwekea obusuma. Kesho usipakie kabla hujapita hapa. Uje na spana ya namba kumi, msasa kidogo, na fyuzi ya kweli kutoka dukani, mbili ikiwezekana. Tutaanza kwa kufungua waya hasi wa betri, tuitoe hiyo karatasi, halafu tukwangue rangi pale redio ilipofungwa. Nitashika tochi, wewe utalala chini ya dashibodi. Mgongo wangu haukunjiki tena hivyo.