Makongoro na Kisu cha Mchinjaji

Kijana anayetoka Shinyanga kwenda kutafuta riziki migodini Geita huanza na jiko la mkaa, sufuria yenye mfuniko, kisu na mwiko. Kwa supu, vinatosha. Makongoro yaoshwe vizuri, yachemke taratibu kwa saa kadhaa hadi yalainike. Tangawizi na chumvi humo humo, ndimu mezani.

Lakini aliyechinja ni nani?

Huku swali hilo si la mzaha. Februari 2013, Buseresere, mkoani Geita, mgogoro wa nani ana haki ya kuchinja uligeuka vurugu, na mchungaji mmoja akauawa. Kwa mazoea ya miaka mingi, nyama ya kuuzia umma nchini huchinjwa na Waislamu. Baadhi ya Wakristo walitaka kujichinjia. Ajabu ni kwamba Mtume Paulo aliwaruhusu Wakorintho kula kinachouzwa sokoni bila kuulizauliza, na sura ya Al-Maida katika Kurani inahalalisha chakula cha Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo, ingawa wanazuoni hutofautiana juu ya masharti yake. Inaelekea kilichogombewa kilikuwa mamlaka zaidi ya nyama.

Mpishi mgeni hana mamlaka yoyote. Ana jirani wa kumkaribisha, na bucha la kuuliza kabla hajawasha mkaa.