Wosia wa Babu na Haki ya Mjane

Mwezi wa Novemba ni mwezi wa marehemu wetu. Katika parokia zote, toka Kirando ufukoni mwa Ziwa Tanganyika mpaka Mtowisa katika bonde la Rukwa, Wakristu huleta majina ya wazazi na babu zao yapate kuombewe katika Misa Takatifu. Lakini Novemba ni pia mwezi wa mvua za kwanza katika nchi ya juu ya Ufipa. Majembe hutolewa, ng'ombe wa kulimia hufungwa nira, na magomvi ya mashamba yaliyolala tangu mavuno huamka. Hivyo huweza kutokea jambo la aibu: watu wa nyumba moja humwombea babu yao kanisani asubuhi, na mchana wakashikana mashati juu ya shamba lake.

Mara nyingine katikati ya ugomvi imo karatasi. Ni karatasi kuukuu iliyotunzwa katika sanduku la bati. Iliandikwa zamani za Waingereza, na mwalimu wa shule au katekista, kwa ajili ya mzee asiyejua kuandika, na chini yake ipo alama ya dole gumba. Maneno yake ni machache: shamba la bondeni ni la fulani, ng'ombe ni wa fulani, nyumba ni ya mwana wa kwanza. Mabinti hawakutajwa, wala mke wa mzee hakutajwa. Leo mjukuu huishika karatasi hiyo mkononi na kumwambia shangazi yake, au mjane wa baba yake mdogo, ya kwamba aondoke, kwa sababu babu hakumwandika.

Basi twauliza: je, mjukuu huyo amemheshimu babu yake?

Wengine watajibu kwamba ndiyo. Watasema: Amri ya nne ya Mungu yatuagiza kuwaheshimu wazazi wetu, na wosia ni neno la mwisho la mzazi. Twakubali kabisa kwamba wosia ni kitu cha heshima. Mtu anayeficha wosia, au anayeugeuza, au anayebandika dole la marehemu juu ya karatasi tupu, ni mwizi, tena anamwibia mtu asiyeweza kujitetea. Lakini kuheshimu neno la mzee ni kulielewa kwanza, na wala neno la mzee halieleweki kwa kusoma mistari yake tu.

Tufikiri hali ya wakati ule. Katika mila za wazee wetu, aliyepokea shamba alipokea pamoja nalo watu waliolitegemea. Mrithi alikabidhiwa wajane awalishe, mayatima awalee, na dada zake awe na mahali pa kuwapokea ikiwa ndoa yao imevunjika kwa kifo au kwa ukatili. Mzigo huu haukuandikwa, kwa kuwa kila mtu aliujua. Hata kanuni za mila zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 kwa makabila mengi yanayofuata ukoo wa baba, ambazo hazikumpa mjane fungu lake pale marehemu alipoacha ndugu wa ukoo, zilisema kwamba fungu la mjane ni kutunzwa na watoto wake, kama vile alivyowatunza wao.

Kwa hiyo babu alipokaa kimya juu ya mke wake na binti zake, tusidhani upesi kwamba aliwakataa. Zaidi yafaa tudhani kwamba aliwaamini wanawe. Hakuandika kwamba mjane asifukuzwe, kwa sababu hakudhani kwamba katika nyumba yake atazaliwa mtu wa kumfukuza. Mjukuu anayetwaa shamba na kuukataa mzigo wake ameupasua wosia vipande viwili, akashika kipande chenye faida na kukitupa kile chenye wajibu. Huyo hawezi kusema kwamba ameutimiza wosia wa babu yake.

Lakini yawezekana pia kwamba mzee fulani aliwanyima binti zake kwa makusudi, kwa kuwa ndivyo watu wa zama zake walivyofanya. Hapo tufanyeje? Tusome Maandiko Matakatifu, katika Kitabu cha Hesabu, sura ya ishirini na saba. Selofehadi alikufa jangwani bila mtoto wa kiume. Binti zake watano wakasimama mbele ya Musa, na kuhani, na mkutano wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lifutike kwa sababu tu hakuzaa mwana. Musa hakuwakemea kwa kuvunja mila. Alilipeleka shauri lao mbele ya Mungu, na Mungu akasema kwamba mabinti hao wana haki.

Baadaye wazee wa kabila lao wakaleta shaka ambayo husikika hata leo vikaoni: binti akiolewa kwingine, ardhi itahamia kwa watu wengine. Shaka hiyo haikudharauliwa. Ilitafutiwa njia, mabinti wakaagizwa waolewe ndani ya kabila la baba yao. Lakini fungu lao halikuondolewa. Hilo ni fundisho kwa wazee wa ukoo. Ikiwa mwaogopa shamba la ukoo lisiuzwe kwa wageni, tafuteni njia ya kulilinda: patana mapema, andikeni masharti, nunueni ninyi wenyewe kwa bei ya haki pale dada yenu anapotaka kuuza. Hofu ya kupoteza shamba haimpi mtu ruhusa ya kumnyang'anya dada yake.

Sheria ya nchi nayo imekwenda njia hiyo. Katika mkoa wa Kagera, mama mmoja aliyerithishwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia halali aliliuza mwaka 1988, kwa kuwa alikuwa anazeeka na hakuwa na mtu wa kumtunza. Mtoto wa ndugu yake akamshtaki, akidai kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilifika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mwanamke anayo haki ile ile aliyo nayo mwanamume. Kisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Tuangalie neno moja katika shauri lile: mama yule alikuwa na wosia wa baba yake, uliomtaja yeye. Baba mmoja aliyefikiri mapema alimwachia binti yake ngao.

Kwa hiyo twawageukia wazee walio hai. Mzee, usingoje kitanda cha hospitali. Andika wosia wako ungali na akili timamu na nguvu za kutembea. Mtaje mkeo kwa jina. Wataje watoto wote kwa majina, wa kike na wa kiume. Usiandike kwa siri. Kanuni zile za mwaka 1963 zataka wosia wa mdomo ushuhudiwe na watu wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Na ule wa maandishi ushuhudiwe na wawili ikiwa mwenyewe ajua kusoma na kuandika, au wanne ikiwa hajui. Zataka pia wake waliopo nyumbani wawe miongoni mwa wanaoshuhudia. Wosia unaoogopa macho ya mke wa nyumba hiyo hiyo, pengine una jambo linaloogopa pia macho ya Mungu.

Nawe uliyeteuliwa na ukoo na kuthibitishwa na Mahakama ya Mwanzo kuwa msimamizi wa mirathi, kumbuka jina lako. U msimamizi, na mali si yako. Kanuni zakutaka upeleke mahakamani orodha ya mali na hesabu yake katika muda wa miezi minne. Anayekaa juu ya mali ya mayatima mwaka baada ya mwaka, akila mavuno yake, hawezi kusema kwamba anasubiri kikao.

Na wewe mama mjane, usikubali kuambiwa kwamba uvumilivu wa Kikristu ni kunyamaza unapoibiwa. Binti za Selofehadi hawakunyamaza. Waendee viongozi wa Jumuiya yako Ndogo Ndogo, mwendee paroko, na upatanisho ukishindikana, iendee mahakama bila haya. Kudai haki kwa maneno ya kweli si dhambi.

Huenda mtu akasema kwamba bila shamba la babu hatakuwa na jina. Tumkumbuke Adriano Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa angali mtoto na kuuzwa. Yeye mwenyewe alihesabiwa kuwa mali ya kurithiwa; hakuwa na shamba la babu wala karatasi sandukuni. Wamisionari wa Afrika walimkomboa, akasomea uganga huko Malta, na mwaka 1889 akafika Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Huko alitibu wagonjwa na kufundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956. Aliyenyimwa ukoo wake aliacha jina ambalo nchi nzima yajua kulitaja.

Mwisho tutazame Kalvario. Bwana wetu Yesu Kristu hakuwa na ardhi wala nyumba ya kuusia. Alikuwa na vazi, na alikuwa na mama. Vazi, askari walilipigia kura. Mama, alimkabidhi kwa mwanafunzi aliyempenda, na tangu saa ile mwanafunzi akamchukua nyumbani kwake. Chini ya msalaba mmoja palikuwa na warithi wa namna mbili: waliochukua kitu wakaenda zao, na yule aliyempokea mtu. Kila ukoo unaokutana mwezi huu juu ya karatasi ya babu utachagua kuwa pamoja na askari au pamoja na Yohane.

Mungu awape marehemu wetu raha ya milele, nasi atupe moyo wa kuwatunza wale waliowaacha mikononi mwetu.