Nargis na Moto wa Mother India

Katika filamu za Kihindi ambazo wazee wetu wa Unguja walizitazama kwa shauku kuu, hakuna niithaminiyo kuliko Mother India ya mwaka 1957, ambamo mwigizaji Nargis, naye hajatimiza miaka 30, alijivika mvi na uzee akawa mama mkulima ampigaye risasi mwanawe wa kumzaa ili kuihifadhi heshima ya kijiji. Hapo anapojifunga plau mabegani na kuikokota shambani badala ya ng'ombe, hamna pambo wala hila, ni taabu tupu. Na kabla filamu haijakamilika, moto uliowashwa kwa ajili ya mchezo ulimzingira, hata Sunil Dutt, aliyeigiza kuwa mwanawe huyo, akajitosa ndani akamwokoa, naye akaungua. Nargis akamuuguza, na mwaka 1958 wakaoana. Nargis alifariki kwa saratani tarehe 3 Mei 1981, siku chache kabla ya kuonyeshwa Rocky, filamu ya kwanza ya mwanawe Sanjay katika nafasi ya mhusika mkuu. Mwenye wasaa jioni hii, naawaite jamaa zake waitazame Mother India pamoja.