Mlango wa Ukaguzi Ulipolia



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mwenye kusitiri aibu za waja Wake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu zangu wanafunzi, tulikuwa kwenye foleni ya ukaguzi katika uwanja wa ndege wa Entebbe, tukienda Umra. Mzee aliyekuwa mbele yangu alipita kwenye mlango wa kutambua chuma, ukalia. Akavua mkanda na saa, akatoa sarafu mfukoni, akapita tena. Ukalia vilevile. Mimi nikarudi nyuma hatua moja. Mzee huyo nilitoka naye msikiti mmoja na kupanda naye basi moja, lakini wakati ule sikutaka ijulikane kuwa niko naye.

Askari alimweka kando, akampitishia kifaa cha mkononi, nacho kikalia pajani. Mzee akaeleza kwa sauti ya chini: aligongwa na bodaboda, akavunjika paja, na madaktari wakamwekea chuma ndani ya mfupa. Alipomaliza kukaguliwa alikuja kukaa karibu nami, akaniuliza, "Mwanangu, umekula?"

Nilishindwa kumtazama usoni.

Mlango ule hufanya kazi kwa nguvu za sumaku. Unaweza kutambua kuwa pana chuma, lakini hauwezi kujua kama ni kisu au ni nyonga ya bandia. Kwa hiyo askari aliuliza kwanza. Aliyehukumu bila kuuliza ni mimi. Na katika Surat Al-Hujurat, aya ya 12, Allah ametuamrisha tujiepushe na dhana nyingi, kwani baadhi yake ni dhambi.

Tena, madini mwilini si jambo geni katika dini yetu. Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya. Akaweka pua ya fedha, ikamletea harufu mbaya. Mtume (S.A.W.) akamwamuru aweke ya dhahabu, ingawa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Wamepokea habari hii Abu Daud na Tirmidhi. Tiba haikuwa aibu mbele ya Mtume. Kwa nini iwe aibu mbele yetu?

Basi wewe uliyewekewa chuma, mwambie askari mapema, kabla hujapita. Beba barua ya daktari, ingawa haikuondolei ukaguzi. Dada, omba ukaguliwe na askari mwanamke, mahali pa faragha. Kulinda stara yako si ukaidi. Mwenye kifaa cha mapigo ya moyo aseme hivyo, aombe kupapaswa kwa mikono, na kifaa cha mkononi kisishikiliwe juu ya kifua chake. Nanyi mnaosafiri naye, msubirini. Msimwache peke yake kama mtuhumiwa.

Na msidhani mambo haya yako uwanja wa ndege tu. Hapa chuoni yupo kijana anayeswali juu ya kiti, nasi tunanong'ona kuwa ni mvivu. Huenda gotini mwake mna chuma. Imran bin Husayn (r.a.) alipougua bawasiri, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza aswali amesimama, akishindwa aswali amekaa, akishindwa aswali kwa ubavu, kama alivyopokea Bukhari. Ruhusa hiyo haina sharti la mgonjwa kuieleza safu nzima maradhi yake.

Ndugu zangu, mimi sikupata ujasiri wa kumwomba radhi mzee wangu siku ile. Nilimwomba tulipofika Madina, akacheka, akanishika mkono, tukaenda kuswali. Kama yupo uliyemdhania vibaya, usingoje safari.

Ewe Mola wetu, zisafishe nyoyo zetu na dhana mbaya, waponye wagonjwa wetu, na utusitiri siku ambayo hakuna kitakachofichika Kwako. Amin.

Wabillahi tawfiq.